TAHARIRI: VIDONGE VYA TUMBO NA MABAKA YA NGOZI

Katika nyumba nyingi siku hizi hukosi vidonge vya vidonda vya tumbo. Mtu akilala na kiungulia, asubuhi anakwenda kwa jirani, jirani anamkatia vinne. Vinavyojulikana zaidi ni omeprazoli. Ndugu zake ni lansoprazoli, esomeprazoli na pantoprazoli. Kazi yao ni moja, kupunguza tindikali tumboni. Omeprazoli ilianza kuuzwa mwaka 1988 na imewasaidia wengi. Hatuandiki leo kuitukana.

Lakini dawa nzuri nayo ina madhara yake. Kwa watu wachache vidonge hivi huamsha ugonjwa uitwao lupasi, hasa ule wa ngozi. Mwili una walinzi wake wa kupigana na vijidudu. Kwenye lupasi walinzi hao hugeuka wakaupiga mwili wenyewe, kama mgambo aliyewekwa kulinda shamba la kijiji halafu akaanza kuvuna yeye. Mwaka 2015 wakaguzi wa dawa wa Uingereza waliwatahadharisha madaktari juu ya jambo hili. Mwaka 2016 Marekani nayo ikataka onyo hilo liandikwe kwenye maelezo ya dawa hizi.

Mabaka hutokea zaidi pale jua linapopiga: shingoni, kifuani, mgongoni na mikononi. Mengine ni ya duara na yana magamba, basi mtu anasema ni choa. Anapaka dawa ya choa mwezi mzima, huku kila asubuhi anameza kidonge kilekile. Mwingine anasema eti karogwa, anaanza kumtazama jirani kwa jicho baya. Jamani! Tena mabaka haya yanaweza kuja wiki chache baada ya kuanza dawa, au miezi, au hata miaka. Ndiyo maana hakuna anayekishuku kidonge.

Habari njema ni kwamba mara nyingi dawa ikisimamishwa, ngozi hutulia baada ya wiki kadhaa au miezi.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, ukienda zahanati kwa ajili ya ngozi, taja kila dawa unayomeza, hata ya tumbo. Chukua na boksi lake. Kama viungo navyo vinauma, sema.

Pili, usitupe vidonge kwa woga wa tangazo hili. Mwenye kidonda akiacha dawa ovyo anaweza kutokwa damu tumboni. Anayeamua ni mganga wa zahanati au daktari, siyo jirani na siyo gazeti hili.

Tatu, uliza kwa nini unameza. Vidonda vingi huletwa na bakteria waliogunduliwa Australia mwaka 1982 na Warren na Marshall. Tiba yake ni antibayotiki pamoja na vidonge hivi kwa wiki moja au mbili, siyo maisha. Vingine huletwa na diklofenaki na aspirini, zile tunazomeza mgongo ukiuma baada ya kulima. Kumeza hizo kila siku, halafu kutuliza tumbo kwa omeprazoli bila kumwuliza mganga, ni kujaza maji ndoo iliyotoboka.

Nne, ukiona malengelenge, ngozi inachubuka, vidonda mdomoni, uso umevimba au pumzi inabana, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ndugu wanachama, tumezoea kusaidiana na ndiyo nguvu yetu. Lakini kidonge kilichomfaa jirani kinaweza kukudhuru wewe. Kuazimana jembe ni ushirika. Kuazimana vidonge siyo ushirika, ni hatari.

Aliyesoma amsomee asiyejua kusoma.

Mhariri