Bingwa Aliyeanza kwa Kushindwa Mara Nne



Juma lililopita nilipita mahali nikakuta vijana wamekaa chini ya mwembe, wanabishana habari za ngumi. Mmoja wao, mwenye sauti kubwa kuliko wenzake, akasema, "Pambano la kwanza la ubingwa wa dunia katika nchi za watu weusi lilikuwa la Muhammad Ali na George Foreman, kule Kinshasa, mwaka 1974." Wenzake wakamwunga mkono. Hata mzee mmoja aliyekuwa akisuka kamba kando yao akaitikia kwa kichwa.

Nikasema, "Niwieni radhi, wanangu. Mmechelewa miaka 11." Wakanitazama kama mtu aliyetoka kilabuni. Nikawauliza, "Je, mmepata kusikia jina la Dick Tiger?" Kimya. Mwisho yule mwenye sauti kubwa akauliza, "Ndiye nani huyo, mzee?"

Basi nimeona leo tuzungumze habari za mtu huyo, maana si haki bingwa kama yeye asijulikane na watoto wa Afrika.

Jina lake la nyumbani lilikuwa Richard Ihetu. Alizaliwa mwaka 1929 katika kijiji cha Amaigbo, upande wa mashariki wa Nigeria, naye ni Mwigbo. Alipokuwa kijana akaenda kutafuta riziki katika mji wa Aba, akifanya biashara ndogo ndogo sokoni. Huko ndiko alikojifunza ngumi, na mwaka 1952 akaanza kupigana kwa malipo. Hakuwa mrefu, urefu wake ulikuwa futi 5 na inchi 8 tu. Lakini kifua chake kilikuwa kipana, na mkono wake wa kushoto ulikuwa mzito kama mchi.

Mwaka 1955 akavuka bahari kwenda Liverpool, Uingereza, kutafuta mapambano makubwa zaidi. Na huko yakampata mambo. Pambano la kwanza akashindwa. La pili akashindwa. La tatu akashindwa. La nne pia akashindwa! Fikirini, ndugu zangu. Kijana yuko peke yake katika nchi ya baridi, hana ndugu, mfukoni hana kitu, na kila akipanda ulingoni anashuka ameshindwa. Wangapi kati yetu wangefunga mizigo wakarudi nyumbani? Wala hakuna ambaye angewalaumu.

Lakini wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Dick Tiger akabaki, akazidisha mazoezi, akajifunza namna ya kupigana ya Wazungu wale. Mwaka 1957 akakutana London na kijana mmoja Mwingereza, Terry Downes, ambaye watu walikuwa wakimtazamia makuu. Tiger akampiga hata pambano likasimamishwa. Downes huyo alikuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1961, kwa hiyo msidhani kwamba alikuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka uliofuata, 1958, Tiger akampiga Pat McAteer katika raundi ya 9, akatwaa ubingwa wa Dola ya Uingereza. Mji ule ule wa Liverpool uliomwona akihangaika sasa ukamwona bingwa.

Mwaka 1959 akahamia Marekani. Hapa lazima nieleze jambo kidogo kwa wale wasiofuata mchezo huu. Katika ngumi watu hupangwa kwa uzito, ili mwepesi asipigwe na mzito. Tiger alikuwa katika uzito wa kati, ambao mwisho wake ni ratili 160. Bingwa wake wakati huo alikuwa Gene Fullmer, Mmarekani mwenye nguvu za fahali, aliyekwisha kumshinda hata Sugar Ray Robinson mwenyewe. Tiger alingoja miaka zaidi ya mitatu mpaka akapewa nafasi. Ilipofika, tarehe 23 Oktoba 1962, kule San Francisco, alimpiga Fullmer kwa raundi 15, akashinda kwa pointi. Mfanya biashara wa sokoni Aba akawa bingwa wa dunia.

Wakapigana tena Februari 1963, wakatoka sare. Ndipo likapangwa pambano la tatu, nalo ndilo nililowaambia wale vijana. Tarehe 10 Agosti 1963, katika uwanja wa Liberty, mjini Ibadan, Nigeria, watu walijaa kuja kumtazama mtoto wao. Nigeria ilikuwa imepata uhuru wake mwaka 1960, bado haijatimiza miaka mitatu. Tiger akampiga Fullmer kipigo kikubwa hata, raundi ya 7 ilipokwisha, Mmarekani yule hakuinuka tena kitini. Hakupigana tena maisha yake yote. Hiyo ndiyo mara ya kwanza ubingwa wa dunia kupiganiwa katika nchi huru ya Waafrika weusi, miaka 11 kabla ya Kinshasa.

Je, baada ya hapo ikawa raha tu? Hapana. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule akapoteza ubingwa kwa Joey Giardello, kwa pointi. Akaomba warudiane. Akaambiwa angoje. Akangoja karibu miaka miwili, na wakati wa kungoja hakukaa bure. Mwezi wa Mei 1965 akapambana na Rubin Carter, mtu aliyeogopwa sana kwa ngumi zake, akamwangusha chini mara 3. Oktoba mwaka huo akapewa Giardello, akamshinda, akautwaa ubingwa wake tena.

Aprili 1966 Emile Griffith akamnyang'anya, kwa pointi chache ambazo watu wengi walizibishia. Tiger alikuwa na miaka 36. Watu wakasema, "Basi, huyu amekwisha." Kumbe! Badala ya kushuka akapanda juu, kwenye uzito wa ratili 175. Huko bingwa alikuwa José Torres wa Puerto Rico, kijana kwake na mzito kuliko yeye. Desemba 1966, Tiger mwenye miaka 37 akamshinda kwa raundi 15. Wakarudiana Mei 1967, akamshinda tena. Walio wachache mno ndio waliopata kuwa mabingwa wa uzito wa kati na wa huo uzito wa juu yake.

Sasa nifikie sehemu ya huzuni. Katikati ya mwaka 1967 vita vilizuka nchini kwake. Upande wa mashariki ulijitenga na kujiita Biafra, na huko ndiko kulikokuwa kwao Tiger, na mkewe, na watoto wake, na nyumba alizojenga kwa fedha za ngumi. Yeye alikuwa mtu wa kuweka akiba. Alipokuwa New York aliishi maisha ya kawaida sana, fedha akapeleka nyumbani. Vita vilipokuja, akajiunga na upande wa watu wake, akapewa cheo cha luteni, kazi yake kufundisha askari mazoezi ya mwili. Akawa anarudi Amerika kupigana, kisha anarudi vitani.

Mei 1968 akakutana na Bob Foster, aliyemzidi urefu kwa inchi 7. Raundi ya 4 Foster akampiga ngumi ya kushoto, Tiger akaanguka, asiweze kuinuka kabla ya kuhesabiwa 10. Katika mapambano yake zaidi ya 80, hiyo ndiyo mara moja tu aliyopata kuhesabiwa hivyo. Na bado hakuacha. Oktoba mwaka ule ule akapigana na Frankie DePaula, kila mmoja akamwangusha mwenzake mara 2, Tiger akashinda. Mwaka 1969 akamshinda Nino Benvenuti wa Italia, bingwa wa uzito wa kati wakati huo, ingawa ubingwa wenyewe haukuwekwa mezani siku ile.

Desemba 1969 akafanya jambo jingine. Serikali ya Uingereza ilikuwa imempa nishani ya heshima. Kwa kuwa Uingereza ilikuwa ikiisaidia serikali ya Nigeria katika vita vile, yeye akairudisha. Watu wanaweza kutofautiana juu ya vita vile, na waliokufa kwa njaa na kwa risasi walikuwa wengi. Lakini mtu anayerudisha heshima yake mwenyewe kwa ajili ya jamaa zake wanaoteseka si mtu mdogo.

Vita vikaisha Januari 1970. Pambano lake la mwisho likawa Julai mwaka huo. Mali yake nyingi ilikuwa imepotea. Basi bingwa wa dunia wa uzito wa namna mbili akaajiriwa kazi ya ulinzi katika jumba kubwa la makumbusho mjini New York. Akasimama pale akilinda picha na sanamu, na wageni walipita mbele yake. Baadaye mwili ukaanza kumwuma. Waganga wakakuta saratani ya ini. Mwaka 1971 akarudi kwao, na tarehe 14 Desemba mwaka huo akafa mjini Aba, mji ule ule alikoanzia. Alikuwa na miaka 42.

Kwa nini amesahauliwa? Naona sababu ni mbili. Kwanza, alipigana katika miaka ambayo dunia yote ilikuwa ikimtazama Muhammad Ali, aliyejua kupiga na kusema pia. Tiger alikuwa mtu wa maneno machache. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini katika ngumi chema hakijiuzi siku zote. Pili, watu wa siku hizi humpenda bingwa asiyeshindwa. Wakiona mtu ameshindwa mara 19, kama Tiger, husema si kitu. Hawaulizi alishindwa na nani, wapi, wala alifanya nini kesho yake.

Wale vijana wa chini ya mwembe walinisikiliza hata jua likazama. Tulipoagana, yule mwenye sauti kubwa akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mzee, yale manne ya kwanza alishindwa yote kweli?" Nikamjibu, "Yote, mwanangu." Akanyamaza kidogo, akachukua baiskeli yake, akaenda zake. Baadaye nikasikia kwamba mtihani wake wa mwaka jana ulimwangusha, na kwamba sasa ameomba kuufanya tena.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.