Injini ya Forty Inakufa Mapema Usenge, na Usilaumu Spidi: Fuata Pesa

Wasee, kama umewahi kuona zile video za pikipiki za theluji huko Canada na Alaska, zikipanda mlima kama gemu ya PlayStation, unajua zile mashine ni noma. Sasa sikia hii. Yule jamaa wa theluji na mvuvi wa Usenge, kule Siaya, wanaumwa na kichwa kimoja: injini ya stroki mbili. Inapiga kelele kama nyuki, inavuta kama wazimu, na ikiamua kukufa inakufa na ganji yako.

Tofauti ni hii. Wengi wa wale wa theluji wako kwa starehe. Injini ikichomeka, wikendi imeharibika, basi. Usenge injini ndio wera yenyewe. Ndio inapeleka boti kutega mbuta, ndio inavusha watu na mizigo kwenda Kisiwa cha Mageta. Ikizima, kuna mbogi nzima inalala njaa. Na ikizima usiku upepo ukiwa umeamka, hiyo si story ya pesa tena.

So kwa nini zinakufa mapema? Ukiuliza bichi yoyote utaambiwa ni spidi, vijana wanakanyaga sana. Mimi nasema si spidi. Cheki hesabu.

Enduro haikuumbwa kufa haraka

Chukua mashine ya theluji ya Ski-Doo yenye injini ya Rotax 850 E-TEC. Iko na cc 849 na inatoa kama HP 165, ikizunguka karibu mara 8,000 kwa dakika. Hiyo ni kama HP 194 kwa kila lita ya ukubwa wa injini. Ni presha ya kufa mtu. Ndio maana watu wanaoziendesha kwa fujo wanapanga bajeti ya pistoni vile wewe unapanga bajeti ya tairi ya nduthi. Wanajua siku itafika.

Sasa chukua Yamaha Enduro ya HP 40, ile wasee wa ziwa wanaita forty. Iko na cc 703 na inazunguka kati ya 4,500 na 5,500 ikikanyagwa mpaka mwisho. Gawanya: ni kama HP 57 kwa lita. Haifiki hata thuluthi moja ya ile ya theluji. Ile ndogo ya HP 15, cc 246, inakuja kama 61. Story ni ile ile.

Maanake nini? Enduro imejengwa kwa makusudi iwe na nguvu kidogo kuliko mwili wake. Ni bonga la mtu linalobeba mzigo wa mtoto. Injini kama hiyo inafaa kuzeeka na mwenyewe. Kwa hivyo forty ikikufa kama mashine ya mashindano, usilaumu HP. Kuna mtu, ama kitu, kinaiua.

Pistoni haijifi, inauliwa

Kama umezoea nduthi, elewa kwanza hii. Nduthi nyingi za mtaani ni stroki nne. Oili inakaa chini kwa injini, unamwaga ukifika wakati, unaweka ingine. Stroki mbili haina hiyo mambo. Oili unaichanganya na petroli. Kila tone la mafuta linaloingia ndilo linalobeba oili ya pistoni, ringi na beringi za kranki. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, pistoni inapanda na kushuka mara 83 kwa sekunde. Mafuta yakija bila oili ya kutosha, chuma inasugua chuma, moto unapanda, pistoni inavimba na kushika silinda. Kwisha.

Injini nyingi za aina hii zinataka mchanganyiko wa 1 kwa 50. Ziko zingine zimeundwa kwa 1 kwa 100, kwa hivyo soma kitabu cha injini yako, usisome cha jirani. Kwa 1 kwa 50, jerikani ya lita 20 inataka oili mililita 400. Na injini ikiwa mpya, mara nyingi kitabu kinaomba oili maradufu kwa masaa ya kwanza mpaka izoee.

Na si oili yoyote. Injini ya maji inataka oili iliyoandikwa TC-W3. Ile ya nduthi ama ya mat imeundwa kwa kazi ingine. Ukiichoma ndani ya stroki mbili inaacha masizi kwa plagi na kwa ringi.

Kuna wauaji wengine. Injini ya boti inapozwa na maji ya ziwa, yanavutwa na kapampu kadogo ka raba kanaitwa impela. Ukiwasha kwa maji mafupi inanyonya mchanga, na mchanga unakula impela. Magugu maji, ambayo yalionekana upande wetu wa ziwa karibu 1990, yanaziba matundu ya kuingiza maji. Ndio maana kuna kale kamkondo ka maji kanaruka nyuma ya injini. Injini ikiacha kukojoa, zima hapo hapo. Kusukuma na kasia ni kuchoka tu, lakini kununua silinda ni kusota.

Halafu kuna petroli chafu. Mwaka wa 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, sababu watu walikuwa wanayachanganya na mafuta ya magari. Petroli iliyoongezwa mafuta taa inawaka vibaya, injini inagonga, na joto linapanda juu ya pistoni mpaka inatoboka. Ni kweli Yamaha wako na modeli za kutumia mafuta taa, lakini hizo zimeundwa hivyo tangu kiwandani. Yako kama si hiyo, usijaribu.

Sasa fuata pesa

Hapa ndipo story inakuwa tamu. Kila mtu bichi anajua haya nimesema. Jolupo hawahitaji msee wa kompyuta kuwaambia oili ni muhimu. Swali ni: kama wanajua, kwa nini bado zinachomeka?

Angalia vile mgao unafanywa kwa boti nyingi. Samaki wakiuzwa, kwanza mafuta yanatolewa. Kinachobaki ndio kinagawanywa: mwenye boti na injini anachukua fungu lake, halafu vijana wanagawana lao. Ukiangalia haraka unaona iko fiti. Sasa tafuta nani analipa nini.

Oili inatolewa kabla ya mgao, kwa hivyo inaumiza kila mtu leo. Pistoni inalipwa na mwenye injini, kesho. Msee wa boti akipunguza oili anahisi faida jioni hiyo hiyo.

Na ni faida gani? Tuseme oili nzuri ni soo saba kwa lita. Ukiweka mililita 200 badala ya 400 kwa jerikani, umesevu bob 140. Gawanyia wasee wanne, pamoja na fungu la tajiri. Kila mtu amepata bei ya chapati na maharagwe. Kwa hiyo chapati, mmeweka rehani pistoni mbili, ringi, gasketi, kazi ya kutoboa silinda upya, na siku zote boti itakaa kwa mchanga.

Lakini usiwachekelee. Oktoba 2023 EPRA ilitangaza petroli shilingi 217.36 kwa lita hapo Nairobi. Jerikani ya lita 20 ilikuwa zaidi ya 4,300, na forty ikikanyagwa mpaka mwisho inaweza kumaliza jerikani kama hiyo kwa saa moja hivi. Ukiwa na bili kama hiyo kabla hujaona samaki hata mmoja, mkono utatetemeka ukimwaga oili.

Njoo upande wa tajiri. Yeye hayuko kwa boti. Injini ikichomeka anaona bili tu, na anataka bili ndogo. Anaambiwa kuna pistoni ya kampuni na kuna ile ingine, kwa karatasi inayofanana, bei nusu. Anachukua ile ingine. Pistoni feki ikipata moto inavimba kuliko kipimo, na silinda iliyotobolewa juzi inakwaruzwa tena. Mamlaka ya kupambana na bidhaa ghushi tuko nayo, na sheria yake ni ya 2008, lakini askari wake hasimami kwa kila duka la spea kutoka Kisumu mpaka Bondo.

Halafu fundi. Fundi wa bichi analipwa akifungua injini. Halipwi injini ikikaa sawa. Kwa hivyo anabadilisha pistoni, inanguruma, anapewa chake. Lakini kama pistoni ilikufa sababu sili ya kranki inavujisha hewa, ama kabureta ina uchafu na silinda moja inapata mafuta kidogo, hiyo pistoni mpya inafuata mwenzake. Pistoni ni maiti, muuaji bado yuko ndani ya nyumba. Mafundi wazuri wanajua hii na watakwambia, lakini kutafuta muuaji kunachukua muda, na tajiri anataka boti iingie maji usiku huu.

Omera, umeona? Hakuna mjinga hapo. Kijana anaokoa chapati, tajiri anaokoa nusu bei, fundi anaokoa muda. Kila mtu amefanya hesabu sawa. Ni injini pekee imekosa mtu wa kuitetea.

Na kwa nini lazima ikimbie?

Kuna mtu atasema, si watumie tanga basi. Rahisi kusema ukiwa Nairobi. Kenya iko na karibu asilimia 6 ya Ziwa Victoria. Wavuvi ni wengi, maji ni kidogo, na mbuta wakubwa wako mbali. Ukienda mbali unakaribia mpaka wa Uganda, na kesi za wavuvi wetu kukamatwa huko na injini kushikwa zimeripotiwa miaka na miaka, hadi pande za Migingo. Zaidi ya hapo samaki anaoza, barafu inayeyuka. Kwa hivyo forty si maringo. Ni vile ziwa limekuwa dogo kwa mfuko wa mvuvi.

Ukitaka kununua, sikia hii

Mwaka wa 2020 kampuni ya BRP, wale wale wa Ski-Doo, waliacha kutengeneza injini za boti za Evinrude. Mwaka wa 2023 Yamaha nao wakatangaza wanatoka kwa biashara ya mashine za theluji. Funzo ni moja kwa wote: jina kubwa si ahadi. Msee akikuletea injini ya mitumba kwa bei ya kutupa, usiulize kwanza inakimbia aje. Uliza impela yake inauzwa wapi na itafika lini. Yamaha za stroki mbili zimejaa ziwani si kwa sababu haziharibiki. Ni kwa sababu zikiharibika, spea iko karibu na fundi anazijua akiwa amefunga macho.

Stroki nne? Inakula mafuta kidogo na oili yake imekaa kando, kwa hivyo hakuna wa kuipunja kila asubuhi. Lakini ni nzito, bei ya kuingia iko juu, na ikiharibika iko na vyuma vingi zaidi ndani. Upande wa Homa Bay kampuni kama ASOBO wameanza kuleta motor za umeme. Hizo hazina pistoni wala oili ya kuchanganya, lakini betri ndio inaamua utaenda mbali kiasi gani na kurudi.

Dawa ni kubadilisha nani analipa

Ushauri wa "tunza injini yako" hausaidii kama anayetunza si anayelipa. Kinachoweza kusaidia ni kugeuza mgao. Oili ilipwe na mwenye injini, itoke kwa fungu lake, ije ikiwa imepimwa kwa chupa. Hapo hakuna kijana ataona faida kuipunguza. Kila safari, kabla ya mgao, iwekwe kitu kidogo ya injini, hata soo mbili, kwa akaunti ambayo wote wanaiona. Na fundi alipwe nusu akimaliza, nusu ingine baada ya mwezi kama injini bado inapumua. Utashangaa vile ataanza kutafuta muuaji.

BMU zimekuwa na kanuni zake tangu 2007 na tayari zinashikilia hesabu za bichi. Kuongeza daftari moja la injini haitaki mradi wa wazungu. Andika injini ya nani, imefunguliwa lini, imewekwa spea gani, na imetoka duka gani. Miezi sita tu na bichi nzima itajua duka gani linauza takataka.

Yule jamaa wa theluji akichomeka pistoni ananunua ingine na anapost video. Kijana wa Usenge akichomekewa katikati ya ziwa, anaanza kupiga kasia kwa injini ambayo hata si yake, kwa sababu ya mililita 200 ambazo hakuna mtu alitaka kulipia.