Kwani Lazima Watoke Ndiyo Tuwasikilize?

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, mnisamehe. Majaribio yalikuwa mfululizo, bumu likachelewa, bando ningelitoa wapi? Leo nimerudi na hasira. Mwenye roho nyepesi aruke hapa, asubiri ile habari ya maharage ya kafteria niliyowaahidi.

Ijumaa iliyopita kulikuwa na ile shughuli ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Mlikuwepo, msijifanye. Mliwaona wale vijana wanne waliopanda jukwaani saa mbili usiku na magitaa mawili, besi ya kuazima, na dramu ambayo moja imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Waliahidiwa nusu saa. Wakapiga nyimbo mbili na nusu. Wa tatu ukiwa katikati wakazimiwa vyombo, mshereheshaji akashika maiki: "Tuwapigie makofi wadogo zetu, wakitoka watatukumbuka!" Mkapiga makofi. Halafu yule msanii wa kuletwa kutoka Dar akaingia saa sita usiku, akachezesha midomo juu ya wimbo wake mwenyewe uliokwisharekodiwa, dakika ishirini, akachukua bahasha yake akaondoka. Wa kwetu walipewa soda. Soda jamani! Wawili wao walirudi kwa miguu mpaka Isevya na amplifaya kichwani kama wapagazi.

Simlaumu yule msanii, kaitwa kaja. Nawalaumu mliomwita, na zaidi nawalaumu mliopiga makofi, na mimi nimo, subirini nitafika huko.

Neno lililoninyima usingizi ni hilo "wakitoka". Sisi wabongo tunalipenda mno. Fulani katoka. Fulani bado hajatoka. Maana yake kajulikana, kapata hela, anasikika redioni. Lakini kwa mtu wa Tabora neno hili lina maana nyingine ya wazi kabisa: kutoka ni kuondoka. Na ukichunguza utaona kwetu hizo maana mbili ni moja. Hutoki mpaka utoke.

Ugonjwa huu ni wa siku nyingi. Mnajua wenyewe kwamba karne ya 19 mji huu ulikuwa ndio njia panda ya misafara, Bagamoyo upande mmoja na Ujiji upande wa pili, na waliobeba ile mizigo wengi wao walikuwa Wanyamwezi, babu zetu. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani na mzigo alihesabika mtoto tu. Akienda akarudi ndipo anakuwa mwanaume wa kuoa. Sawa, wakati ule kulikuwa na kitu cha kurudi nacho, nguo na shanga na habari za dunia. Na nyimbo pia, maana msafara haukwenda kimya, kirangozi yuko mbele anaongoza na wenzake wanaitikia. Mpagazi alikwenda akarudi. Wanamuziki wetu walikwenda wakabaki huko huko.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na baadaye magitaa yakaifuata. Hebu tembea nayo kichwani. Dar zimejaa bendi. Morogoro yuko Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Dodoma kuna Dodoma Jazz. Kigoma kuna Lake Tanganyika Jazz. Na hapa katikati, Tabora, mji ambao leo mnasema hauna kitu zaidi ya maembe na asali, kulikuwa na Kiko Kids, kuna Nyanyembe Jazz, kuna Tabora Jazz na mtindo wake wa Segere Matata. Bendi tatu za kusikika nchi nzima kupitia Radio Tanzania, katika mji ambao ukipanda baiskeli unaumaliza kabla chai haijapoa!

Wako wapi? Western Jazz yenyewe, waliovuma kwa Saboso, ilianzishwa mwaka 1959 na Iddi Nhende, mtu wa kwetu Nzega, lakini ilianzishwa Dar. Jina la magharibi, makazi mashariki. Salum Zahoro wa Kiko Kids, miaka ya 1990 unamkuta Dar na Shikamoo Jazz, bendi ya wazee iliyofufuliwa kwa msaada wa shirika la kuwasaidia wazee, wakafika mpaka Uingereza. Shem Karenga aliyetupa "Dada Asha" alifariki mwaka 2014 akiwa wa Tabora Jazz Stars, bendi ya jina letu, nayo makazi yake Dar. Hata Freddie Mercury msinitajie, najua mnataka kunitajia, mtoto wa Mji Mkongwe, ndiyo, familia iliondoka mwaka 1964. Katoka!

Sasa turudi kwa hao wanne. Jina lao siliandiki kwa sababu wamelibadilisha mara tatu muhula huu na nikiandika leo kesho litakuwa la uongo. Muziki wao ni roki ya magitaa, ile ya huzuni inayoitwa emo, wanaiimba kwa Kiswahili. Ule wimbo uliokatwa unahusu mama anayekwenda stesheni kila treni ikiingia, kumpokea mtu ambaye haji. Nusu ya kwanza mliisikia. Nusu ya pili, ambako gitaa linanyamaza na kubaki dramu peke yake ikienda mwendo wa behewa, ndiyo yenye wimbo wote, na hamjaisikia.

Jumatatu kwenye vimbweta nimekutana na wajuaji wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wa "dada, roki si utamaduni wetu". Jamani! Na hiyo jazz ya Tabora Jazz ilikuwa ya nani? Jina lilitoka Marekani, mapigo yakatoka Kyuba na Kongo, gitaa likatoka Uzunguni, na ulipochanganywa hapa ukawa wetu hata leo mnauita zilipendwa na kuufuta machozi. Mwaka 1969 walipiga marufuku muziki wa soul Dar kwa hoja hii hii ya utamaduni. Ikasaidia nini? Miaka michache baadaye Dar hiyo hiyo kulikuwa na Sunburst, vijana wanapiga roki na funki na ngoma za hapa humo humo, wakatoa albamu yao "Ave Africa" mwaka 1976. Ni nani kati yenu aliyewahi kuwasikia? Mimi niliwasikia kwa sababu lebo ya Uingereza, Strut, ilizikusanya kazi zao ikazitoa upya mwaka 2016. Miaka arobaini tumekaa nao ndani hatuna habari, mpaka Mzungu atuambie.

Na hili si la roki tu. Singeli imezaliwa uswahilini Dar, wasomi wakaicheka, eti muziki wa vigodoro. Mwaka 2017 watu wa Kampala, Nyege Nyege Tapes, wakatoa "Sounds of Sisso", Ulaya wakashtuka, na mimi binafsi nikawasikia watu waliokuwa wanaicheka wakianza kusema "singeli yetu". Hao hao wa Kampala mwaka 2020 wakawatoa Duma wa Nairobi, wawili tu, muziki mkali wa kutisha, mimi dakika kumi zinanitosha nauweka pembeni kwa heshima zote. Lakini kuna mtu aliusikia mapema akasema huu utoke. Nairobi pia wako Crystal Axis, wanapiga panki, wana wimbo "Leopold" kuhusu yule mfalme wa Ubelgiji na Kongo yake. Sisi ambao Wabelgiji waliuteka mji wetu Septemba 1916 tungepaswa kuusikia kabla ya wengine.

Wajuaji wa pili ndio hatari zaidi kwa sababu wana sura ya busara. Hawa wanasema: "Wakaze kwanza, wakitoka tutawasapoti." Ndugu yangu, akishatoka anakuhitaji wa nini? Bendi inahitaji watu pale ambapo bado inakosea. Inahitaji watu thelathini wanaojua nyimbo zake na watakaomwambia mwimbaji kwa upendo kwamba ule wimbo wa pili ni mrefu mno (ni mrefu mno, nimeshamwambia). Zile bendi za zamani hazikuanza na taifa. Zilianza na watu wa mtaa waliolipa kiingilio Jumamosi, wakabishana Jumapili bendi ipi kali kama wanavyobishana Simba na Yanga.

Tena hiyo emo yenyewe mnayoiita ya Wazungu ingewafundisha kitu. Ilianzia Washington katikati ya miaka ya 1980. Rites of Spring, wanaotajwa kuwa waanzilishi, albamu yao ya 1985 ilitolewa na Dischord. Na Dischord ilikuwa nini? Vijana wa mji huo, hawajafika hata miaka ishirini, bendi yao ya kwanza imekufa, wana vijisenti walivyokusanya kwenye maonyesho. Mwaka 1980 badala ya kugawana wakatoa santuri. Makaratasi ya majalada waliyakata wakayagundisha kwa mikono yao. Hawakuhamia New York kwanza. Mpaka leo lebo hiyo inajulikana kwa kutoa muziki wa mji wake. Wenyewe wanaita "indie", na sisi tunaomeza desa tuna neno lake zuri zaidi: kujitegemea. Tunaandika insha juu ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, tunamnukuu Mwalimu aliyesoma na kufundisha hapa hapa Tabora, tunapata B+, halafu jioni tunachangishana kumleta mtu kutoka Dar atuchezeshee midomo. Huu ndio ualimu tutakaokwenda nao darasani?

Nimeahidi kufika kwangu. Hao vijana nawajua tangu mwaka jana. Walikuwa wananialika mazoezini, nikawa naahirisha, mara desa, mara nguo hazijakauka. Mimi ambaye nilijisifu bweni zima kwamba nasikiliza bendi za Marekani ambazo hakuna mwingine anazijua! Nilikwenda kwa mara ya kwanza baada ya rafiki yangu wa Nairobi kuusikia ule wimbo na kuniandikia, "Hawa ni wa kwenu? Una bahati." Yaani hata mimi nilingoja wa nje aniambie. Walipotoza kiingilio cha shilingi elfu moja nikasema niingizeni bure, mimi mtu wenu. Mtu wao gani asiyetoa buku?

Wakati wa likizo niliwapeleka kwenye simu mpaka kwa babu, Nzega. Babu yangu ni wa enzi za dansi, nilijua atasema punguza kelele. Akasikiliza mpaka mwisho simu ikiwa sikioni, akarudisha, akauliza swali moja: "Hawa mtindo wao unaitwaje?" Basi. Hakuuliza kama wametoka, hakuuliza kama wanajulikana Dar. Kwake bendi ni bendi, na bendi lazima iwe na jina la mtindo wake, Saboso, Msondo, Segere Matata. Niliwaambia, sasa wanagombana juu ya jina la mtindo badala ya jina la bendi. Naona ni maendeleo.

Lakini Jumapili mpiga gitaa kaniambia anatafuta mteja wa gitaa lake. Nikamuuliza kwa nini. Anataka nauli ya Dar na hela ya kuanzia, akajaribu kutoka. Auze gitaa ili akatoke kwa gitaa! Nilicheka, yeye hakucheka. Kasema hapa hakuna mtu. Nilitaka kumbishia nikakumbuka yale makofi ya Ijumaa nikakaa kimya.

Kwa hiyo, Jumamosi hii saa kumi jioni, uani kwa mama mdogo wa mpiga dramu, Isevya. Anayetaka kuelekezwa anitafute. Kiingilio buku, na hakuna wa kuingia bure, hata mimi nimeshatoa ya kwangu. Njooni na viti au mkeka. Umeme ukikatika watapiga hivyo hivyo, gitaa moja ni la mbao tupu halihitaji umeme. Mwaka wa kwanza mnakaribishwa zaidi, ile ya Ijumaa mlidhulumiwa. Wataanza na ule wimbo wa treni, nusu ya pili kwanza.

Mteja wa gitaa anakuja Jumatatu.