Sweta likilowa, mtoto hana kinga

Mzazi wa Njombe, baridi ya Juni hadi Agosti ikianza utamvalisha mwanao masweta mawili, pengine matatu, na moyo wako utatulia. Kisha atatembea kwenda shule katika ukungu na manyunyu, na atakaa darasani na nguo mbichi hadi mchana. Masweta hayo matatu sasa yanampoza.

Kinachotunza joto ni hewa iliyonaswa ndani ya nguo. Sweta likilowa, maji huchukua nafasi ya hewa hiyo na kunyonya joto la mwili haraka. Upepo nao hupenya katika matundu yake. Makambako mnaujua upepo, na mtoto aliyepakiwa kwenye bodaboda asubuhi anaujua zaidi. Tena mtoto hupoa upesi kuliko wewe, kwa kuwa ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake.

Mvalishe fulana kavu ndani, sweta moja la sufi juu yake, na nje koti lisilopitisha maji wala upepo. Jua likitoka saa nne, avue sweta, maana jasho hulowesha kama mvua. Fulana ya pamba hukawia kukauka, hivyo mwekee nyingine kwenye begi.

Koti hilo lipo kwenye mitumba. Mengi yalishonwa kwa ajili ya Wazungu wanaoteleza kwenye theluji, na shida yao ni hiyohiyo yetu: baridi, upepo, unyevu na jasho. Usinunue unene. Dondoshea maji kidogo: yakikaa kama umande, vizuri, yakizama, rudisha. Geuza ndani uone kama mishono imebandikwa utepe. Tafuta kofia, zipu iliyofunikwa na mikono yenye lastiki, na liwe pana kiasi cha kuvaliwa juu ya sweta. Lililojazwa manyoya ya bata ni zuri likiwa kavu tu. Likilowa manyoya hushikamana na joto huisha. Ukikosa, koti la mvua la plastiki linatosha, ila kwenye mlima alifungue kidogo asitote jasho.

Hapa nina ugomvi na shule zinazomvua mtoto koti getini kwa sababu si sare. Sare ina maana yake, lakini sweta la shule halikushonwa kwa ajili ya mvua. Mtoto aruhusiwe kuvaa koti njiani, na darasani pawe na kamba ya kuyaanika. Wazazi, lisemeni hili kwenye kikao kabla ya msimu wa baridi.

Nimonia husababishwa na vijidudu, si baridi peke yake, kwa hiyo koti zuri lisikufanye upuuze kikohozi. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 50 kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Mwenye homa usimrundikie mablanketi.

Na nguo zilizolowa zianikwe penye hewa. Kila msimu wa baridi kuna anayeingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga dirisha na kulala. Moshi unaoua humo hauonekani wala haunuki.