Nusu Dozi Nyumbani, Msiba Wodini



Aliyepata kusafiri na mgonjwa wakati wa masika kutoka Masagati, akapita Mlimba hadi Ifakara, hatamlaumu kwa haraka mzazi anayeanzia dukani. Njia ni ndefu, tope ni jingi, na nauli hutoka katika mpunga uliowekwa kwa chakula. Mtoto akishikwa na homa usiku, asubuhi hununuliwa vidonge vinne vya rangi mbili. Homa ikishuka, viwili vilivyosalia hufungwa katika pindo la kanga, vikimngoja mgonjwa mwingine. Kila mtu nyumbani huona hiyo ni busara. Mimi nasema bila kificho kwamba mzazi huyo ametumia kitu kisichokuwa chake peke yake.

Panadol ukiitumia vibaya, madhara yanakurudia wewe. Viuavijasumu sivyo vilivyo. Vikinywewa pasipo haja, au kwa kipimo pungufu, vijidudu dhaifu hufa na vile sugu husalia, vikazaana na kuhamia kwa watu wengine kwa njia ya mikono, maji na vyoo. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alilionya hilo mwaka 1945 alipokuwa akipokea Tuzo ya Nobel. Onyo hilo limekuwapo tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Malipo yake huonekana wodini. Uchunguzi wa watoto waliolazwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2001 na 2002, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba miongoni mwa waliokutwa na vijasumu vya kundi la gramu hasi katika damu, asilimia 43.5 walifariki, kwa malaria ilikuwa asilimia 20.2. Moja ya mambo yaliyozidisha vifo ni mtoto kupewa dawa ambayo vijasumu vyake vilikwishaizoea. Daktari alikuwapo, sindano ilichomwa, na bado mtoto akafa.

Makaburini tunasema siku zake zimefika. Ni kweli, uhai na mauti vimo mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini kuamini kadari hakumwondolei mtu dhima ya alichokifanya kwa mkono wake, na mkono huu ni wetu sote: mzazi, muuza dawa, na hata mganga anayeandika dawa ili mgonjwa asione amerudi mikono mitupu.

Tena aghalabu dawa yenyewe haikuhitajika. Mwaka 2008 watafiti waliwapima watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na hapo hapo Ifakara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Watoto takriban saba katika kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi, na malaria ilikuwa kwa mmoja tu katika kumi. Virusi haviuawi na kidonge cha rangi mbili hata ukinywa debe zima.

Simo miongoni mwa wanaotaka maduka ya vijijini yafungwe. Maduka ya Dawa Muhimu yalianzishwa Ruvuma mwaka 2003, kisha yakafika Morogoro, ili mwanakijiji auziwe na mtu aliyefunzwa. Ninachotaka ni muuzaji huyo awe na ujasiri wa kusema, "Sikuuzii viwili, mpeleke mtoto akapimwe kwanza." Atapoteza mteja siku hiyo, najua. Serikali nayo ilitoa mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu huu mwaka 2017, na wa pili mwaka 2023, lakini hospitali nyingi za wilaya bado hazina maabara ya kuotesha vijasumu, na daktari hubaki kubahatisha.

Jambo jingine linatuhusu sisi tunaopenda kuzuru wagonjwa. Huingia watu kumi kwa mgonjwa mmoja, wakaketi kitandani, wakamshika mkono, kisha wakamgeukia jirani yake kumpa pole na kumshika yeye pia. Ziara ina thawabu zake. Basi mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kuingia, na ioshwe tena kabla ya kugusa kitanda cha pili.