Wati 12,000 Katika Soketi Moja



Juma hili tunaomba ruhusa ya kusema juu ya spika za nyumbani na bei zake. Wapo watakaouliza padre anatafuta nini katika mambo ya spika. Tunajibu kwamba bei ya haki si habari ngeni katika Kanisa. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, aliitengea swali zima, la 77 katika nusu ya pili ya Sehemu ya Pili. Humo anauliza kama ni halali kuuza kitu kwa bei inayozidi thamani yake, na kama muuzaji anawajibika kutaja kasoro. Kasoro iliyo wazi, kama ya farasi mwenye jicho moja, mnunuzi anaiona mwenyewe. Iliyojificha, ikiwa itamletea mnunuzi hasara, muuzaji hana budi kuitaja. Basi spika ni farasi ambaye karibu kasoro zake zote zimejificha ndani ya kasha.

Tena liko jambo la hapa kwetu. Bei ya kakao katika soko la dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, fedha ilionekana Makwale kuliko ilivyozoeleka, na pamoja na bati mpya na pikipiki zikaja spika. Bei ile imekwisha kushuka, lakini spika zimebaki sebuleni. Hatuna ugomvi na mtu anayependa muziki, wala hatukubaliani na wale wanaoita kila chombo cha sauti anasa. Mkulima aliyechoka ana haki ya kusikiliza wimbo mzuri nyumbani mwake. Ugomvi wetu ni na namna thamani ya vyombo hivi inavyopimwa, au tuseme isivyopimwa.

Tuanze na sabufa, kwa kuwa ndiyo inayopatikana katika nyumba nyingi. Juu ya boksi lake utakuta herufi P.M.P.O., na mbele yake wati 5,000, 8,000, hata 12,000. Mnunuzi analinganisha namba na namba kisha analipia ile kubwa. Sasa tufanye hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita anaiweza. Umeme wa ukutani ni volti 230. Fyuzi iliyomo ndani ya plagi ya miguu mitatu, kwa kawaida, haizidi ampea 13. Zidisha, utapata wati 2,990. Chombo kinachotumia wati 12,000 kweli kingeunguza fyuzi kabla mwimbaji hajavuta pumzi. Geuza sabufa hiyo nyuma, usome kibandiko kidogo kilichowekwa mahali ambapo watu hawatazami, nawe utakuta imeandikwa kwamba inatumia wati 60 au 80. Hizo elfu kumi na mbili zimetoka wapi? Zimetoka katika kalamu. P.M.P.O. haina kanuni inayokubalika ya kuipima, hivyo kila kiwanda huandika kinachopenda. Kipimo chenye maana ni kile kinachoitwa RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa kwa mfululizo bila kuharibu sauti.

Mkulima wa Kyela anaijua lumbesa. Gunia linashindiliwa, linaongezewa kilemba, kisha linalipwa kama gunia moja, naye anarudi nyumbani akinung'unika kwa haki kabisa. Hiyo ya wati ni lumbesa iliyogeuzwa: gunia limeandikwa kilo 12,000 na ndani mna debe moja, na mnunuzi anashukuru!

Hata zile wati za kweli hazifanyi kazi kama wengi wanavyodhani. Ukiongeza nguvu kutoka wati 50 hadi 100, sauti inapanda kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua lakini halishangai. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu, unahitaji nguvu takriban mara kumi. Na spika ya kawaida ya nyumbani hugeuza kuwa sauti kiasi cha asilimia moja tu ya umeme inaopewa. Unaobaki unakuwa joto. Kwa hiyo spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja, ukiipa wati 50, italingana kwa ukubwa wa sauti na ile ya desibeli 87 iliyopewa wati 100. Ni wangapi waliowahi kuulizia namba hiyo dukani?

Upande wa pili wako wenye uwezo, wanaocheka sabufa na kuamini kwamba fedha nyingi haiwezi kudanganya. Mwaka 2017 kampuni ya Wilson Audio ya Utah, Marekani, ilitoa spika zinazoitwa WAMM Master Chronosonic kwa dola 685,000 jozi moja, yaani zaidi ya shilingi bilioni moja na nusu kwa viwango vya mwaka ule. Hatusemi ni mbaya. Tunasema kwamba bei ya namna hiyo inabeba mbao, rangi, ung'arishaji, uchache wa jozi zinazotengenezwa na faida ya duka, na mambo hayo yote hayaingii sikioni. Shilingi za kwanza unazoongeza juu ya spika duni hununua sauti. Ukifika mahali fulani, zinazofuata hununua samani. Mtu akipenda samani nzuri na anunue, ila aiite samani.

Ndani ya spika ya bilioni na ndani ya ile ya sabufa, kazi kubwa inafanywa kwa namna ileile: koili ya waya iliyo kati ya sumaku inasukuma koni mbele na nyuma, nayo koni inasukuma hewa. Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric waliieleza namna hiyo mwaka 1925, na karne imepita bila kuiondoa. (Huyo wa kwanza jina lake kwa Kiingereza lina maana ya mchele, tungependa kumdai kuwa mtu wa Kyela.)

Na kwa kuwa mchele umetajwa, tuseme jambo linalotuumiza zaidi. Hakuna mtu wa wilaya hii anayenunua mchele kwa kusoma maandishi ya mfuko. Tunajua kwamba huko Dar es Salaam mchele wa mahali pengine huuzwa kwa jina la Kyela, kwa sababu jina linapandisha bei. Mama wa hapa anachota kiganjani, ananusa, anatafuna punje, na akitilia shaka anapika kikombe kimoja kwanza. Mama huyohuyo, au tuseme mumewe, akiingia katika duka la spika anasahau elimu yote hiyo, anatazama taa za rangi zinazowaka kuzunguka koni, anasoma namba, anatoa fedha.

Macho yanapotosha hata masikio ya watu wazoefu. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti wa kampuni ya Harman nchini Marekani, waliwaketisha wasikilizaji 40 na kuwapa spika nne wazihukumu, mara wakiziona, mara zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia. Wasikilizaji hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni hiyohiyo. Walipoziona, zile kubwa za gharama zilipata alama za juu, na seti ndogo ya plastiki ya bei nafuu ikadharauliwa. Pazia liliposhushwa, ile iliyodharauliwa ikapanda. Sauti haikuwa imebadilika. Kilichoondolewa ni sura na bei.

Kuna na chumba chenyewe, ambacho hakuna muuzaji anayekitaja. Nyumba zetu mpya ni za matofali ya saruji, sakafu tupu, bati juu. Simama katikati ya sebule upige kofi moja: ukisikia mlio unaorudi na kutetemeka, spika ya milioni tano itasikika humo kama inalia ndani ya pipa. Mkeka, pazia nzito na makochi ya kitambaa vitakufaa kuliko kuongeza milioni mbili. Spika iliyosukumwa pembeni kabisa, kwenye kona, huongeza besi mpaka maneno yanazama. Na mvua ya Kyela ikishuka juu ya bati, mwenye WAMM na mwenye redio ya mkulima wanakuwa sawa mbele ya Mungu.

Unyevu wetu pia una neno. Spika nyingi zina ukingo wa sponji unaoshikilia koni, na sponji hiyo huoza kwa miaka, upesi zaidi penye joto na unyevu. Ukingo wa mpira hudumu zaidi. Koili iliyoungua, mafundi wetu wa redio huisuka upya kwa gharama ndogo. Lakini spika iliyogundishwa kwa gundi pande zote, isiyofunguka kwa bisibisi, ikifa imekufa. Waya wa kuunganishia usikupotezee fedha: waya wa shaba wa kawaida, mnene kiasi, anaoutumia fundi umeme, unatosha kwa umbali wa sebule.

Marekani ilitoa kanuni mwaka 1974 ya kuwabana watangazaji wa nguvu za amplifaya. Sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na maboksi ya wati 12,000 yanapangwa mbele ya maduka mchana kweupe. Msemo wa Kilatini unasema caveat emptor, mnunuzi na ajihadhari. Lakini Thoma, kama tulivyoona, mzigo mwingine aliuweka mabegani mwa muuzaji.

Kwa hiyo ndugu unayekwenda Kyela mjini au Mbeya na fedha ya mpunga mfukoni, chukua na khanga. Chagua spika mbili za bei tofauti, mwombe mwenye duka azifunike, alinganishe ukubwa wa sauti, maana inayopigwa kwa nguvu kidogo zaidi daima huonekana bora. Usiombe wimbo wa besi. Omba taarifa ya habari. Sikiliza kama unatofautisha fedha na feza, thamani na samani, na kama unaweza kukaa nusu saa bila kuchoka. Kisha funua. Mwenye duka akikataa kufunika, mshukuru kwa adabu, ukaulize duka la ng'ambo ya barabara.