Faida ya mbao imo kwenye tupa, si kwenye mashine

Ukimuuliza mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga au Njombe mtaji wake umekwenda wapi, atakutajia bei ya miti, bei ya chensoo, petroli, vibarua, ushuru na nauli ya lori hadi Dar es Salaam. Ni nadra kumsikia akitaja cheni, baa na tupa. Vitu hivyo huingizwa katika fungu la "matumizi madogo madogo", na msimu ukiisha hakuna ajuaye vimekula kiasi gani.

Maoni ya safu hii ni kwamba fungu hilo dogo ndilo linalowamaliza wawekezaji wadogo. Mtu aliyeweka akiba yake katika chensoo moja au mbili, za kukodisha au za kupasulia mbao zake mwenyewe, mara nyingi haangushwi na injini. Huangushwa na vipuri vinavyogusa mti, kwa sababu vipuri hivyo havina mwenyewe.

HASARA YA LAZIMA NA ISIYO YA LAZIMA

Tuanze na hesabu. Cheni ya chensoo hula njia yenye upana wa milimita 8 hadi 10 kila inapopita kwenye gogo. Ubao wa inchi 1 una unene wa milimita 25. Kwa hiyo kila zinapotoka mbao 3 za inchi 1, karibu ubao mzima mwingine umegeuka maranda. Mwenye mashine ya msumeno wa mkanda hupoteza milimita 2 au 3 tu kwa kila mpasuo.

Hiyo ni hasara ya lazima kwa anayepasua kwa chensoo, na ndiyo maana hana nafasi ya kuongeza nyingine juu yake. Meno ya upande mmoja yakiwa marefu kuliko ya upande wa pili, au kingo za baa zikiwa zimelika upande mmoja, msumeno huvuta pembeni. Ubao hutoka mnene huku na mwembamba kule. Mnunuzi wa Buguruni au fundi samani wa Keko hupima penye wembamba, na bei huanzia hapo.

Aidha, cheni butu humlazimisha mpasuaji kukandamiza mashine. Petroli hutumika zaidi, injini huchemka, na baa huungua. Hatari kwa maisha ya mpasuaji nayo huongezeka, kwani anayekandamiza hushindwa kuidhibiti mashine inaporuka au cheni inapokatika.

NANI MWENYE CHENI?

Katika mapatano mengi mwenye mashine hununua cheni, na mpasuaji hulipwa kwa idadi ya mbao. Kila dakika anayokaa kunoa ni dakika isiyo na malipo. Kwa hiyo hunoa pale tu mashine inapogoma kabisa.

Tutazame matokeo yake. Tuseme jino la cheni lina milimita 5 za kunolewa kabla ya kufika mwisho. Anayenoa mapema, kila anapojaza mafuta, huondoa kama robo ya milimita kwa kila zamu, na atanoa mara 20. Anayesubiri mpaka ncha zivunjike hulazimika kuondoa milimita nzima ili afikie chuma kizima. Huyo atanoa mara 5, na baada ya hapo mwenye mashine anarudi dukani. Cheni ni ile ile na bei ni ile ile, lakini mmoja ameitumia mara 4 ya mwenzake.

Tusimlaumu mpasuaji. Anafanya kile ambacho mapatano yanamlipa kufanya. Wapo wanaoshauri kwamba mpasuaji ajinunulie cheni na aongezewe malipo kwa kila ubao. Ushauri huo una kasoro: mtu wa kipato kidogo atanunua cheni ya bei ya chini kuliko zote na kuifunga juu ya baa ya tajiri.

Tunashauri njia nyingine. Mwenye mashine na mpasuaji wakubaliane mwanzoni mwa msimu kiasi cha fedha za cheni, baa na tupa. Kazi ya kunoa ihesabiwe kuwa sehemu ya siku ya kazi na ilipwe. Fedha zitakazobaki mwisho wa msimu wagawane nusu kwa nusu. Hapo tupa itakuwa na mwenyewe.

VIPURI VITATU, MATUMIZI MAMOJA

Kosa jingine ni kununua cheni peke yake. Cheni, baa na sproketi huzoeana na huchakaa pamoja. Cheni mpya juu ya sproketi iliyochimbika hurefuka haraka na kufanana na ile ya zamani. Kanuni ya mafundi ni kubadili sproketi kila baada ya cheni 2. Ni kipuri cha bei ndogo kinacholinda kipuri cha bei kubwa.

Anayekwenda Kariakoo akasema tu "nipe cheni ya baa ya inchi 24" anabahatisha. Namba za kwenda nazo ni tatu: hatua ya cheni, yaani umbali wa ribiti 3 zinazofuatana ukigawanya kwa 2, unene wa vijino vya chini vinavyopita kwenye mfereji wa baa, ambao kwa kawaida ni milimita 1.3, 1.5 au 1.6, na idadi ya vijino hivyo. Cheni nyembamba katika mfereji mpana huyumba, na mbao hupinda hata kama meno ni makali.

Tupa nayo ina saizi yake. Cheni ya hatua ya inchi 0.325 hunolewa kwa tupa ya mviringo ya milimita 4.8. Ya inchi 3/8 ya kawaida hutumia milimita 5.2 au 5.5, kutegemea kiwanda, na ya inchi 0.404 hutumia milimita 5.5. Cheni ya kukata magogo hunolewa kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi, na ile maalumu ya kupasua kwa urefu karibu nyuzi 10. Tupa husukumwa kwenda mbele tu, na meno yote yaachwe na urefu mmoja.

Baada ya kunoa mara kadhaa, kile kinundu kilicho mbele ya kila jino hupunguzwa kwa tupa bapa. Kwa cheni nyingi kinatakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Kikiwa juu mno jino halishiki mti. Kikiwa chini mno mashine hurusha mikono. Kipimo chake ni kipande kidogo cha bati kinachouzwa pamoja na tupa, wala si jambo la kukadiria kwa macho.

Baa igeuzwe juu chini kila inaponolewa cheni au kubadilishwa, ili kingo zote mbili zilike sawa. Mfereji usafishwe, tundu la oili lizibuliwe, na chuma kilichotokeza pembeni mwa kingo kiondolewe kwa tupa bapa. Vijino vya cheni vikianza kugusa chini ya mfereji, baa hiyo imemaliza kazi. Cheni iliyokatika iungwe kwa kiungo na ribiti za saizi yake, na jino jipya linolewe lilingane na wenzake. Kuunga kwa kipande cha msumari ni kucheza na uhai wa mtu.

OILI CHAFU SI AKIBA

Wengi hutia oili chafu ya gari kwenye tangi la cheni wakidhani wanabana matumizi. Oili hiyo ina vumbi la chuma kutoka injini ilikotoka, na haishikamani na cheni inayokimbia kwa kasi. Husaga mfereji wa baa na kuziba pampu. Kipimo rahisi ni hiki: elekeza ncha ya baa kwenye kisiki cheupe na uongeze moto, oili iache mstari. Usipouona mstari, simamisha kazi.

Kazi ikiisha, cheni iliyokazwa ikiwa ya moto ilegezwe, kwani ikipoa hujikaza na kuumiza beringi.

NAFASI KWA WENYE DUKA

Wenye maduka ya vipuri katika miji ya mbao wanauza cheni, lakini wachache wanauza maarifa ya kuitunza. Hapa pana biashara. Jiliwa la kushikia baa, tupa za saizi zote, vipimo, kifaa cha kupigia ribiti na cheni ya rola la futi 100 ya kukatia wateja saizi wanazotaka vinatosha kuanzisha karakana ya kunoa. Anayetumia mashine ya jiwe ajihadhari: jino likigeuka rangi ya bluu limeungua na kupoteza ugumu wake.

Pengine mwenye duka atahofu kwamba kunoa kutapunguza mauzo ya cheni. Hofu hiyo haina msingi. Mteja ambaye mashine yake inafanya kazi atarudi kununua tupa, oili, sproketi na baa. Aliyefilisika hatarudi kununua chochote.

Kwa mwekezaji mdogo ushauri wetu ni mfupi. Kabla ya kununua chensoo iliyotumika, vua kifuniko utazame sproketi, kisha pima mfereji wa baa. Ukishainunua, andika tarehe ya kila cheni mpya na idadi ya mbao iliyotoa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara hii hupotelea kwenye maranda.